Pua yangu, magadi ya mlenda na washauri wa bure

Mimi ni mama lishe hapa Tabora mjini. Kwa miaka kama mitatu pua yangu ilikuwa pambo tu. Vinyama vilikuwa vimeota ndani, pande zote mbili, napumulia mdomo kama kuku kwenye jua la Oktoba, na harufu siipati hata ya kitunguu kinachoungua. Mwisho nikapelekwa Mwanza, nikapigwa picha ya CT, wakaingia na kamera kupitia matundu ya pua yenyewe. Usoni sina kovu hata moja. Gharama msinibane: bima ilibeba sehemu kubwa, zangu zilikwenda kama laki tatu na kitu, nauli zikiwa humo humo.

Upasuaji sina cha kusimulia, nililala nikaamka. Kazi inaanza ukishatoka pale, na hapo ndipo kila mtu anageuka daktari.

Siku tisa nilikaa Mwanza kwa mdogo wangu mpaka niliporudi kusafishwa. Usafi huo ni kutoa makoko ya damu na kamasi yaliyokauka ndani. Hauumi sana ila machozi yanatoka yenyewe. Kulala ni kichwa juu, na mito kila usiku inanikimbia. Shemeji akachoka kuniona asubuhi nimelala bapa, akaingiza tofali mbili chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani. Nikawa naamka nimejikusanya mwishoni mwa godoro kama gunia la mpunga lililoteleza, lakini uvimbe ulipungua na damu ikakoma kuchuruzika usiku.

Basi nikapanda gari kurudi Tabora, barakoa usoni, maana vumbi la kwetu kiangazi mnalijua. Konda ananiambia, "Mama, pandisha begi lako." Nikamwambia pandisha wewe, mimi nimekatazwa kunyanyua vitu vizito. Alinitazama kama mwongo, maana mwili ninao.

Nyumbani sijamaliza hata siku mbili, mjomba huyo kutoka Urambo. Katoa kikopo mfukoni. "Mpwa wangu, vuta kidogo tu, piga chafya tatu, uchafu wote unatoka." Ugoro! Mtu nimeambiwa wiki mbili nisipenge kamasi, na chafya ikinijia niiachie mdomo wazi, kwa sababu upepo ukisukumwa puani kidonda kinaweza kufumuka damu. Wifi naye katoka Sikonge na chupa ya asali, niidondoshe puani. Asali nilishukuru, nikailia mkate. Jirani akaleta diklofenaki; nikamrudishia, kwani dawa za jamii hiyo zinaweza kuongeza damu kutoka, na mimi niliruhusiwa panadol tu.

Ila katika wote hao, aliyeniumiza kweli ni mimi mwenyewe.

Hospitali walinipa vipakiti vya kuchanganya na maji ya kuoshea pua. Vilipoisha nikapiga simu, nesi akasema nitengeneze mwenyewe kwa chumvi na "ile soda". Nikaona hilo dogo, mimi mtu wa jikoni! Nikaenda kwenye kopo langu la magadi, haya tunayowekea mlenda, nikatwanga kipande, nikakoroga. Nikajaza bomba la sindano lisilo na sindano, nikainamia karai, nikasukuma.

Jamani. Nilihisi kama mtu kanichomeka kijinga cha moto kikatokea kwenye jicho. Nikapiga kelele mpaka wateja wa nje wakasimama na sahani zao. Nikaita maji, mtoto kaniletea ya bombani, na nashukuru hata kwa moto ule akili ilibaki: yale yasiyochemshwa puani hayaingii, kwa sababu kuna vijidudu ambavyo tumboni havina shida ila vikipandia puani vinaweza kufika kwenye ubongo. Yalikuwepo ya chupa ya chai, yaliyochemshwa asubuhi na kupoa. Nikaoshea hayo na chumvi kidogo, chupa nzima. Nesi nilipomweleza alikaa kimya, kisha akauliza polepole, "Mama, magadi ya mlenda?"

Inayotakiwa ni soda ya kuokea maandazi na keki. Nusu lita ya maji yaliyochemka na kupoa yakabaki vuguvugu, kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa kwa kisu, nusu kijiko cha soda. Kabla ya kusukuma nalamba tone. Lazima liwe kama machozi; likiwa kama supu, mwaga. Na ujanja wangu ambao sikufundishwa na mtu: wakati unasukuma, acha mdomo wazi useme "kaa, kaa, kaa" kama kunguru, maji hayateremki kooni. Watoto walinicheka wiki nzima.

Siku moja nimeinama kufunga kiatu, maji yakamwagika puani bwaa, saa tatu baada ya kuosha. Nikachukua bodaboda hadi kwa daktari na mikono ikitetemeka. Kumbe yalikuwa mabaki ya kuosha, yanajificha kwenye vyumba vya ndani ya mifupa ya uso. Ya kukimbilia hospitali ni maji maangavu, kama ya kunywa, yanayodondoka bila kukoma, damu isiyokata, jicho kuvimba au kuona mbili mbili, homa na kichwa kikali.

Kwenye jiko nilirudi baada ya wiki tatu. Moshi ndio ulinichelewesha. Harufu ilikuja taratibu, kwanza sabuni, kisha mafuta ya taa. Siku ya tatu kazini nikafungua dumu langu la mafuta ya kukaangia, lile nililokuwa nalitumia tangu kabla ya safari. Nikarudi nyuma hatua mbili. Nikamwita mteja wangu mmoja wa siku zote, dereva, nikamuuliza haya mafuta yamechacha tangu lini.

"Muda mrefu, mama. Tulikuwa tunakuonea huruma."