Mama wa chumvi sokoni Mpondwe

Soko la Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, hujaa Jumanne na Ijumaa. Magunia ya kahawa na maharagwe yanashushwa, akina mama wa Kikongo wanabishania bei ya samaki, na wapagazi wanakupigia mluzi uwapishe kabla hawajakupitia na mzigo. Lugha za pale ni Lukonzo na Kiswahili. Ukisikia Kiingereza, ujue kuna gari la ofisi limeegeshwa mahali.

Julai 2019 nilikuja na gari la namna hiyo. Shirika moja lilikuwa limeniajiri kwa muda niwe mhamasishaji wa Ebola, kwa sababu nilikulia Bwera, mji wa jirani upande wa Uganda, na Kiswahili cha mpakani nakijua. Nilipewa fulana, kipaza sauti, vipeperushi, na karatasi ya ujumbe kumi ambao ilinibidi niutoe kwa mpangilio, bila kuruka hata mmoja.

Hofu ilikuwapo, asikudanganye mtu. Mwezi Juni mtoto wa miaka 5 alivuka na jamaa zake kutoka Kongo akiwa mgonjwa, akafia hospitali ya Bwera. Nyanya yake na mdogo wake nao wakafuata. Halafu tarehe 11 Julai mama mmoja mfanyabiashara wa samaki alifika kwenye soko hilihili la Mpondwe, akatapika mara kadhaa, akarudi kwao Kongo, na siku nne baadaye akafariki Beni. Wiki hiyohiyo mgonjwa wa kwanza alipatikana Goma, mji mkubwa wa mashariki mwa Kongo, na tarehe 17 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Redio zilisema hayo kutwa. Sokoni watu walisikiliza, kisha wakaambiana kwamba Ebola ni biashara ya wakubwa, na kila anayevaa fulana ana fungu lake.

Nilisimama karibu na wauza chumvi, nikaanza ujumbe wa kwanza. Sikufika wa tatu. Mpagazi mmoja, kijana mwenye taulo shingoni, aliuliza bila hata kutua gunia lake:

"Kaka, wewe hiyo Ebola umeiona?"

Watu wakacheka. Nikasema sijaiona, ila wataalamu wanasema. Neno "wataalamu" likawachekesha zaidi.

Hapo ndipo mama mmoja aliyekuwa amekalia magunia yake ya chumvi ya ziwa Katwe akasema, wala hakupaza sauti: "Mimi niliiona. Ilinilaza."

Nafasi ilifunguka kumzunguka, ghafla, kama moto umeangushwa pale. Aliyekuwa akimfungia gunia aliacha kamba ikining'inia. Mama yule hakushtuka; nadhani alikuwa amezoea. Aliingiza mkono kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, akaikunjua juu ya paja. Ilikuwa cheti cha kupona, chenye muhuri, alichopewa alipotoka kwenye kituo cha matibabu Beni. "Someni wenyewe," akasema. "Na kama kuna wa kuuliza, aulize sasa. Nangojea gari, sina kazi nyingine."

Wakamuuliza. Maswali yale hayakuwemo kwenye karatasi yangu, hata moja.

Je, ni kweli ukiingia kule unachomwa sindano ya kukumaliza? Akajibu kwamba sindano alichomwa nyingi, na angekuwa wa kumalizwa angekuwa amekwisha, kwa maana wiki ya kwanza hakuwa na nguvu ya kumfukuza hata nzi. Wale wa nguo za kutisha, unawajuaje kama ni watu? Wana macho, akasema, na majina yao wameyaandika kifuani. Mzee mmoja akataka kujua kama ndugu zako wanakuona. Hapa mama akaeleza kwa mikono: chumba chake kilikuwa cha plastiki inayoonyesha ndani, kaka yake alisimama upande wa nje, wakaongea kila jioni. "Nilikuwaka namuona kabisa, hata alipokuwa analia na kujifanya ana mafua."

Walicheka tena, ila kicheko kingine. Nafasi ile ikaanza kuziba, watu wakasogea.

Ulipataje? Akasema alimwosha dada yake. Marehemu anaoshwa na nduguze, ndiyo desturi, na hakuna aliyewaambia kwamba mwili wa aliyekufa kwa ugonjwa huu una hatari kuliko alipokuwa hai. Homa ilimpanda siku ya nane. Walioosha pamoja naye walikuwa watano. Hakusema waliobaki ni wangapi.

"Na mume wako?" akauliza mwanamke mmoja kwa nyuma.

"Hilo si la sokoni, mama." Akageukia swali lililofuata, ambalo lilihusu godoro: walilichoma, wakampa lingine jembamba, na mpaka leo anadai lake lilikuwa bora.

Nimekaa na kazi hii ya uhamasishaji miaka kadhaa tangu siku ile, na bado naona palikuwa na ustadi ambao haufundishwi kwenye semina. Aliwapa wauliza kila kitu walichohitaji ili wasiogope hospitali na waogope kuosha maiti. Cha kwake akakifunga. Wafadhili wetu hupenda kinyume chake: wanataka machozi kwanza, picha ikipigwa, kisha godoro na sindano hazitajwi kabisa.

Jioni nilimsimulia msimamizi wangu. Alifurahi mno. Ijumaa iliyofuata akaja mwenyewe, akampata mama yuleyule, akamwomba azunguke nasi masoko mengine kwa posho, azungumze kwenye kipaza sauti. Akampa na karatasi ya ujumbe kumi. Mama akaniomba nimsomee. Nikasoma wote, yeye akisikiliza kwa adabu huku akikagua mshono wa gunia.

"Mwanangu," akaniambia mimi, msimamizi akiwa palepale, "mie ninauza chumvi. Haya maneno aliyeyaandika aje ayauze mwenyewe. Nikipita mahali na watu wakiniuliza, nitajibu."

Ikabaki fomu ya ripoti. Ilikuwa na visanduku vya wanaume waliofikiwa, wanawake waliofikiwa, vipeperushi vilivyogawiwa. Nikageuza karatasi, nikaandika nyuma yake maswali yote niliyoyakumbuka, lile la nzi na la godoro yakiwemo. Siku mbili baadaye ofisi ya Kampala ilinipigia simu: kwa nini sikujaza idadi? Nikawaambia sikuhesabu, lakini wageuze karatasi. Dada wa upande wa pili akasema mfumo wao unapokea upande wa mbele tu.