Kikombe cha chai juu ya injini

Tarehe 21 Desemba 2019 gari langu lilizimika katikati ya kipilefti cha YMCA, Moshi, saa sita mchana, siku ambayo nusu ya Dar es Salaam ilikuwa imeshapanda kwa Krismasi kuja kuhesabiwa kwenye migomba ya baba zao. Honi zilinipigia kutoka pande zote. Dereva mmoja wa Noah akatoa kichwa dirishani: "Aisee dada, hilo gari ni lako au umeazima?"

Lilikuwa langu, na tabia hiyo niliijua kwa wiki ya tatu. Barabarani linakwenda bila shida. Ukisimama kwenye taa au foleni, sailensi, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inashuka, usukani unakutetemekea mikononi, kisha kimya. Taa ya injini ilikuwa inawaka muda wote. Gereji ya kwanza walinibadilishia plagi zote nne na koili moja, wakaizima taa kwa mashine yao, nikalipa. Taa ikarudi kabla sijafika nyumbani Soweto. Mpaka leo sijui ile koili ya zamani ilikuwa na kosa gani.

Jioni hiyo jirani aliniazima kile kidude kinachochomekwa chini ya usukani ukasoma kwenye simu. Kikaleta namba ya kosa, P0011. Maana yake kamshafti, ule mtaimbo unaofungua valvu za kuingiza hewa, imetangulia kuliko kompyuta ilivyoagiza. Nikakesha nasoma. Fundi wangu wa siku zote alikuwa ameshakwenda kwao Rombo, na kabla ya mwaka mpya asingeshuka. Na mbuzi wa sikukuu alikuwa Himo, ameshalipiwa, anasubiri kubebwa.

Jumatatu asubuhi Baba akashuka na Hiace ya Kibosho. Alikuja kwa ajili ya mbuzi, akakuta boneti liko wazi na mimi nimevaa khanga juu ya suruali.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mama. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Hakujibu. Alivuta kigoda, akaketi chini ya mparachichi, akaomba chai. Baba aliendesha Bedford la kubeba kahawa ya ushirika kwa miaka mingi, na lori lile, anavyosimulia, hakuna fundi aliyeligusa isipokuwa yeye. Nikamweleza kwamba kwenye injini hii, 1NZ ya Toyota, kuna valvu ndogo ya umeme inayoelekeza oili kwenye gia ya kamshafti. Presha ya oili ndiyo inayoizungusha kamshafti kidogo mbele au nyuma, ili valvu zifunguke mapema au zichelewe kulingana na mwendo. Ikikwama upande wa mbele, kwenye sailensi moshi uliokwisha kuungua unachanganyika na hewa mpya, injini inapaliwa.

"Taimingi ukishaifunga, imefungwa," alisema Baba. "Nani anaihamisha gari likiwa linatembea?"

"Oili, Baba."

"Oili!" Akanywa chai.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa, sitaki kujisifu. Injini ipoe, utoe waya hasi wa betri, uchomoe soketi, ufungue bolti moja ya spana namba 10, basi. Ila soketi ile imekaa kwenye joto miaka na miaka. Nilibonyeza kishikio chake kwa bisibisi, kikavunjika "kap!" Nikamwangalia Baba, Baba akaangalia parachichi. Halafu ile bolti nayo ikaniponyoka, nikaisikia ikigonga kitu, ikagonga kingine, ikanyamaza. Mwanangu wa miaka sita aliingia chini ya gari, akatoka nayo baada ya robo saa, vumbi mpaka kwenye kope, na akadai soda papo hapo.

Valvu yenyewe ilikataa kutoka. Unaizungusha kushoto, kulia, kushoto, ukiivuta kwa mkono tu, kwa sababu ukiichokonoa kwa chuma unaharibu pale inapokaa. Ilipotoka ilitoa sauti ya kizibo, na oili ikafuata. Nyeusi, nzito kama uji wa ulezi uliolala. Nikaipima koili yake kwa mita: 7.3. Kwa aina hii ikiwa baridi inatakiwa iwe kati ya omu 6.9 na 7.9, kwa hiyo umeme haukuwa na kosa. Nikagusisha nyaya mbili kwenye betri kidogo tu. Kimya. Nikaisuuza kwa petroli, nikarudia. Safari hii kile kipini cha ndani kikajivuta nusu ya safari, kikalala hapo hapo.

Hapo ndipo Baba alipoinuka. Alichovya kidole kwenye ile oili, akaisugua kwa dole gumba, akainusa.

"Oili hii ina umri gani?"

"Niliweka mwezi wa tatu."

"Sikukuuliza mwezi. Kilomita."

Nilijua hesabu. Nilikuwa nimeipisha elfu tano, nikasema nitabadilisha mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi una mambo yake. "Elfu kumi na moja," nikasema. Na ilikuwa 20W-50, oili nzito, kwa sababu siku ile ndiyo iliyokuwa bei poa. Baba hakunigombeza. Angenigombeza ningejisikia vizuri zaidi. Alifuta kidole kwenye nyasi, akaniambia nipande bodaboda niende mjini.

Nikarudi na valvu mpya, oringi yake (kile kipete cha mpira), filta, na oili nyepesi ya 5W-30. Injini hii inakunywa lita 3.7 ukibadilisha na filta. Kabla ya kufunga, Baba mwenyewe alitaka kuijaribu ile mpya. Akashika nyaya, akagusisha. *Tak!* Kipini kikaenda mpaka mwisho, kikarudi. Akagusisha tena. *Tak!* Aliifanya mara nne au tano, mpaka nikamwomba aache, isije ikapata moto.

Kile kichujio kidogo cha wavu kwenye njia ya oili nilikikuta kimeziba karibu chote. Nilikisafisha kwa mswaki wa zamani. Oringi nikaipaka oili safi, valvu ikaingia kwa kiganja. Bolti Baba alinikataza kukaza kwa nguvu: "Hiyo ni alumini, mama. Kifundo cha mkono kinatosha." Soketi isiyo na kishikio tuliifunga kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, na nakiri kiko hapo hadi leo.

Nikaifuta ile P0011, nikawasha. Kwanza ilikohoa, nikajua nimekwisha. Kisha sailensi ikapanda, ikashuka, ikatulia. Baba alichukua kikombe chake, bado kina chai nusu, akakiweka juu ya kifuniko cha injini, akainama mpaka macho yakawa sawa na mdomo wa kikombe. Tukasubiri. Chai ilicheza kwa viduara vidogo sana, kama dimbwi linapopitiwa na mdudu.

Akakichukua, akaimaliza ile chai, akamrudishia mjukuu wake kikombe.

"Haya," alisema. "Mbuzi."