Baridi shambani: theluji haitusumbui, maji ndo yanatusumbua

Watu wakisikia tunapokea wageni shambani hata majira ya baridi wanauliza habari ya theluji tu, njia haifungi? Inafunga ndio, lakini theluji si unaiona, trekta linapita asubuhi linaisukuma pembeni mambo yanaendelea. Kinachotusumbua sisi ni maji, tena popote yalipo, ndani ya bomba, ndani ya kuni, hata ndani ya pumzi za kuku, ngoja nieleze.

Maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9 na yakikosa pa kutanukia yanapasua chochote, hata bomba la shaba. Alafu kinachoudhi ni kwamba likipasuka hujui, maanake barafu yenyewe ndo imeziba ufa, unakuja kujua ikianza kuyeyuka. Ndo yaliyotukuta wiki hii chumba cha juu. Tulikuwa na babu na bibi, watu wema kweli, wakatoka kutembea wakazima hita ili wasituongezee bili ya umeme, kumbe hita ndo iliyokuwa inalinda bomba la sinki linalopita kwenye ukuta wa nje. Jioni wamerudi, wamewasha, wametulia zao, mara bibi anashuka ngazi, "mwanangu njoo uone, ukuta unatoa maji". Tukakimbilia koki kuu tukafunga, tukawahamishia chumba kingine, magodoro tukayasimamisha karibu na jiko yakauke. Bibi akawa anaomba msamaha mpaka nikamshika mikono nikamwambia hapana bibi, hapa hakuna wa kulaumiwa, kaa upate chai.

Tangu siku hiyo kila mgeni tunamwambia kwa mdomo akifika, hita usizime hata ukitoka, kabati la chini ya sinki liache wazi joto lipite, na usiku ukikuta koki inadondosha maji kidogo kidogo usiifunge, tumeiacha makusudi. Na tunamwambia sababu. Karatasi ya ukutani haitoshi jamani, mtu kaendesha gari kwenye barafu masaa na masaa anataka kitanda, hasomi karatasi. Ila ukimweleza kwamba maji yanayotembea hayagandi upesi na kwamba koki ikiwa wazi presha inapata pa kutokea, anaelewa na anakusaidia kulinda nyumba.

Na kama bomba limeganda tu halijapasuka, fungua koki kwanza, alafu pasha moto taratibu ukianzia upande wa koki kurudi nyuma, ili maji yaliyoyeyuka yapate njia ya kutoka. Mashine ya kukaushia nywele inatosha. Moto wa gesi usisogeze kabisa, watu wameunguza nyumba hivo.

Sasa kuku. Kuna mgeni mmoja, dada mpole sana, aliwaonea huruma usiku akaenda akaziba matundu yote ya juu ya banda kwa magunia, aliona upepo unawatesa. Asubuhi tunafungua, ndani kuna unyevu mpaka madirisha yameota barafu, na jogoo ncha za upanga wake, ile nyama nyekundu ya kichwani, zimeanza kuwa nyeusi. Kuku akiwa mkavu anavumilia baridi vizuri, ana manyoya yake, kinachomuumiza ni unyevu wa pumzi na kinyesi ukikosa pa kutokea, unakaa kwenye upanga unaganda. Kwahiyo matundu ya juu yanabaki wazi, upepo unazuiwa kule chini wanakolala tu. Jogoo anaendelea vizuri, anawika, ila nilimuonea uchungu sana.

Mayai nayo ni machache kwasababu kuku anataka mwanga kama masaa 14 ili atage vizuri na siku za baridi ni fupi, alafu hayo machache usipoyawahi yanaganda yanapasuka kiotani. Kuna mtoto wa mgeni alipewa kazi ya kuokota, akakuta yamepasuka akalia. Tukampa kazi ya kupeleka maji ya uvuguvugu kila mara na kuokota hapohapo akienda, akawa haingii ndani ukimwita, mama yake anasema nyumbani hamtoi kwenye simu!

Kuni sitasema sana. Kuni nzuri iwe na unyevu chini ya asilimia 20, sasa mgeni akichukua zile za nje zilizofunikwa na theluji badala ya za stoo, moto unahangaika kukausha maji kwanza, chumba kinajaa moshi na masizi yanaganda ndani ya dohani, na yale masizi ndo yanakuja kushika moto. Kuni za leo tunawawekea mlangoni wenyewe. Na kengele ya kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, kila chumba chenye jiko, hiyo hatuna mjadala nayo, gesi ile haina harufu na watu wanalala tukiwa tumewaambia hapa ni salama.

Lile bomba la ukuta wa nje tumekubaliana lihamishiwe ukuta wa ndani theluji ikiisha. Kwa sasa chumba cha juu tumekifunga, na babu na bibi wameomba waongeze siku mbili hukohuko chini karibu na jiko.