Kiti cha ami

Stori hii watu wanaijua kwa vipande tu, mmoja kasikia ami kauza tiketi yake, mwengine kasikia klabu imempokonya, mwengine ndo kasema familia nzima imegombana kwa ajili ya mpira. Hakuna alouza, hakuna alopokonywa, na hatukugombana, tulipishana maneno kidogo tu basi. Nimeona niiandike yote maana najua hatuko peke yetu, Wazanzibari wenye tiketi za msimu kule Uingereza wapo, umri umekwenda, wanarudi nyumbani mmoja mmoja, na suala hili litawafika nao.

Ami ni mdogo wake baba. Kaondoka Unguja kijana, timu ya Malindi damu, ubingwa wa Muungano wa 1992 mpaka leo anauhadithia kama umechezwa jana. Kufika London akapata kazi ya usiku, akahangaika miaka, halafu siku alipokaa sawa kitu cha mwanzo alojinunulia yeye kama yeye, si cha mke si cha watoto si cha kutuma nyumbani, ikawa tiketi ya msimu. Timu siitaji. Ni ya London na kiti kile kakikalia zaidi ya miaka ishirini.

Sasa huku kwetu tumezoea mechi moja tiketi moja. Fainali ya Shirikisho tarehe 25 Mei 2025, Simba na Berkane ya Morocco pale uwanja wa Amaan, ami alikuwa ashafika, tulikwenda pamoja, mimi nalia lile goli la Mutale tulidhani ndo tunarudisha yale mawili tulofungwa kule kwao kumbe inaishia moja moja na Berkane wanabeba kombe kwa jumla ya 3-1, basi ukitoka pale kile kipande cha tiketi kazi yake imekwisha. Ligi kuu ya Uingereza sio hivyo. Timu ishirini, kwa hivyo nyumbani unacheza mechi 19, unalipa mara moja na kiti chako ni hicho hicho mstari huo huo namba hiyo hiyo toka Agosti mpaka Mei. Msimu ukisha wanakupa tarehe ya mwisho ya kulipia tena, ukilipa kinabaki chako, ukipitisha kinakwenda kwa mtu alokuwa kwenye foleni, na foleni za timu kubwa mtu anaandikisha jina akiwa hana mtoto akija kuitwa mtoto yuko skuli.

Ndo maana mtu akikipata hakiachii.

Ami kaja na kopo moja la biskuti, lile la bati, ndani mna kadi zake zote. Za zamani kabisa sio kadi, ni vijitabu, kila mechi unachana ukurasa mmoja unampa mtu wa getini, vimebaki vishina tu. Halafu zinafuata kadi za plastiki, moja kila msimu, kazifunga kwa mpira wa nywele wa binti yake. Halafu basi, kopo linaishia hapo, maana siku hizi tiketi iko ndani ya simu, unaisogeza simu kwenye mashine geti linafunguka. Kila kadi ina jina lake na chini namba ya kiti, ile ile. Nilizipanga kitandani zikajaa.

Na kiti cha pembeni yake kuna mzee mmoja wa Kiingereza, nae kakaa pale miaka yote hiyo. Hawajawahi kutembeleana majumbani. Wanajuana pale tu, dakika tisini na za mapumziko. Ami alikuwa akichukua sambusa za bi mdogo, mbili zake mbili za mzee, na Ramadhani mechi ikiwa ya jioni yule mzee ndo anaangalia saa, muda ukifika anampa chupa ya maji, ami anatoa tende. Ami alipolazwa mara ya mwanzo, mtu wa kwanza asiye ndugu kupiga simu kuuliza ni yeye, kaona kiti kitupu mechi mbili.

Basi ami akaamua kurudi kwa jumla. Nyumba hapa ipo, baridi imemshinda, daktari nae kamwambia apumzike. Vitu vyote vikagawiwa, gari, makochi, hata majungu. Kiti akasema anampa mdogo wangu.

Mdogo wangu yuko London tokea ana miaka tisa. Ami ndo alomchukua, ndo alomlea, ndo alomsomesha, na ndo alompeleka uwanjani mara ya mwanzo. Hapa nyumbani ukiuliza huyu mtoto wa nani unajibiwa mtoto wa ami, na baba mwenyewe yupo anasikia na hana neno. Kwa hivyo hakuna alofikiria kama kuna tatizo. Ami kasema mbele ya watu, kiti changu nampa mwanangu huyu, tukamwambia Mungu akulipe kheri, tukajua yamekwisha.

Mdogo wangu na ujana wake akaona kazi rahisi. Akachukua simu ya ami akaingia kwenye akaunti yake, akenda uwanjani. Kusogeza simu getini taa ikawaka rangi nyengine. Kumbe tiketi ya ami ni ya bei ya wazee, na mashine inamuonesha mlinzi kwamba huyu anaepita ni mzee, mlinzi anatizama anamuona kijana wa miaka ishirini na saba na ndevu zake nyeusi tititi. Akasimamishwa pembeni na watu wanapita wanamtizama. Hakufanyiwa ubaya, wallahi waliongea nae kwa adabu, lakini mechi hakuiona na baada ya siku mbili ami akapata imeili ya onyo, kwamba tiketi ikitumiwa tena na mtu asiye mwenyewe bila kupitia kwenye mfumo wao inaweza kufutwa.

Ami hakulala siku ile. Mtu miaka ishirini na kitu hajapata hata neno moja baya kutoka klabu, anaondoka na onyo.

Hapo ndo nikaingia mimi, maana imeili za Kiingereza cha ofisini nyumbani kwetu naandika mimi. Nikayasoma masharti yote, kurasa na kurasa. Kitu cha mwanzo kilichonishtua ni kwamba tiketi ile wala si mali ya ami. Ni ruhusa. Klabu inakuruhusu wewe, kwa jina lako, ukae kiti kile msimu ule, na kadi yenyewe inabaki kuwa ya klabu. Ukiwa huwezi kwenda mechi moja unaweza kumpelekea mtu kwenye akaunti, lakini awe mwanachama ajulikane jina lake, au unakirudisha klabu wakiuze wao kwa mechi ile. Kukihamisha kwa jumla kitoke jina lako kiingie la mwengine ni fomu nyengine kabisa, ina dirisha lake, yaani muda wake wa kupokelewa, baina ya msimu na msimu, na anaepewa lazima awe mume au mke, mzazi, mtoto, au ndugu wa tumbo moja. Klabu nyengine hazikubali kabisa mpaka mtu afe, nyengine hata akifa hazikubali. Kwa hivyo usisikie ya jirani, soma masharti ya klabu yako.

Mtoto wa ndugu hayumo.

Nikawaandikia. Nikaeleza kwamba kwetu sisi mtoto wa kaka yako ni mwanao, ndo maana hata kwa Kiswahili ami unaweza kumwita baba mdogo, na huyu amelelewa nyumba moja. Wakajibu vizuri, wakasema wanaelewa, wakauliza kama zipo karatasi za mahakama za kumfanya mtoto wake kisheria. Hazipo. Nani huku kwetu anakwenda mahakamani kuandikisha kwamba mtoto wa kaka yake ni mwanawe?

Siku zile kila mtu akawa na fatwa yake. Mmoja kwenye grupu la familia akasema kiuzwe tu kimya kimya, mdogo wangu ampe ami pesa na akaunti wabadilishe namba ya simu. Nikamjibu pale pale. Uingereza kuuza tiketi ya mpira bila idhini ni jinai, ipo kwenye sheria ya mwaka 1994, sio masihara ya kulangua tiketi hapa nje ya Amaan. Na haikuja bure. Aprili 1989 kwenye uwanja wa Hillsborough watu walibanwa, walokufa hesabu yake sasa ni 97, baada ya pale viwanja vyao vikubwa vikawekwa viti tu, kila mtu na kiti chake, na mashabiki wa timu mbili wanatenganishwa. Tiketi ikizunguka ovyo mtu wa ugenini anaangukia katikati ya wenyeji. Mie nikisoma habari zile nilielewa kwa nini wanashikilia jina namna ile, na nikaacha kuwakasirikia.

Mwengine akasema basi fomu ijazwe "mtoto", nani atakwenda kuchunguza. Ami mwenyewe ndo aloikataa hii. Kakaa barazani kasema, mimi nikisema huyu mwanangu nasema kweli, lakini wao wanauliza kitu chengine na mimi nnajua wanauliza nini, nikijibu hivyo nimewadanganya. Na mzee mmoja jirani yetu, mwalimu wa zamani wa chuo cha Kurani, akaongeza kwamba hiba, yaani zawadi, haitimii mpaka kitu kiwe chako na ukikabidhi, na hiki umeambiwa si chako, ni ruhusa, kwa hivyo fuata alivosema mwenye nacho. Mjadala ukafungwa.

Na kimya kikawa kikubwa, maana dirisha lilibaki wiki mbili kufungwa.

Sasa hapa nataka niseme kitu nikiseme vizuri. Ami ana watoto wa kike wawili. Mkubwa, dada yangu mimi, yuko London huko huko, nusu saa ya treni kutoka uwanjani. Ile fomu tumeisoma mie, mdogo wangu, ami, baba, watu wa grupu, neno "mtoto" limeandikwa pale kila mtu kaliona, na hakuna hata mmoja alolitamka jina lake. Mie mwenyewe, mwanamke, nnaekwenda Amaan toka niko skuli na kuambiwa kila siku mpira si wa wanawake, sikumfikiria. Najuta kweli.

Alonizindua ni kopo. Nilikuwa nazirudisha zile kadi, nikaukamata ule mpira wa nywele, nikamuuliza ami huu umekuja vipi. Akasema dada yako alipokuwa mdogo nilikuwa nakwenda nae, mdogo wako hajaja bado, anauvua nywele zake anafunga kadi ili zisipotee. Misimu minne alikwenda nae. Halafu akaja mtoto wa kiume nyumbani, na bila ya mtu kusema neno, nafasi yake ya kufuatana na ami ikawa ya yule.

Nikampigia. Nikamuuliza tu, dada, kiti cha ami unakitaka? Akanyamaza muda. Akasema, mimi nilikuwa nangojea kuulizwa.

Yalofuata ni karatasi tu na nazitaja kwa faida ya watakaohitaji. Majina yalitusumbua kidogo, maana kwetu jina la mwisho ni la babu, kwa hivyo baba na binti kwenye pasipoti zao majina ya mwisho hayafanani na kule wanaona kama si watu wa nyumba moja. Cheti cha kuzaliwa kikamaliza, kimeandikwa jina la baba lote. Wakataka anuani yake, picha, na ami athibitishe mwenyewe kutoka kwenye imeili yake ya akaunti, sio ya kwangu. Hili shikeni, mwenye tiketi awe hai, ana akili zake, na anaweza kuingia kwenye akaunti yake. Ami nywila alikuwa kaisahau na simu ya kupokelea namba ya siri ni laini ya Uingereza alokwisha kuikata, hiyo peke yake ilitula siku nne. Kwa hivyo kabla hujarudi nyumbani usikate laini. Na bei ikapanda, maana dada sio mzee, analipa ya mtu mzima. Kalipa mwenyewe, hakutaka achangiwe.

Mdogo wangu alivunjika moyo, sitoficha. Lakini ni yeye alokwenda kumpokea dada stesheni siku ya mechi ya mwanzo. Kajiandikisha uanachama, yumo kwenye foleni kwa jina lake, na mechi ambazo dada yuko kazini anapelekewa tiketi kwenye akaunti yake, taa inawaka ilivo.

Siku ile ya mwanzo, Agosti, mechi yao saa tisa mchana ni saa kumi na moja jioni kwetu. Dada akapiga ya video wachezaji bado wanapasha. Ami kakaa kitako kwenye mkeka, miwani kaivaa, simu nimeisimamisha kwenye kopo. Tukamuona yule mzee wa Kiingereza, ana kisambusa mkononi kilichofungwa kwenye karatasi, akapunga, akasema maneno ambayo kwa kelele za uwanja sikuyapata, ami kayapata, akaitikia kwa kichwa mara nyingi.

Halafu akamwambia dada, hebu geuza simu. Kidogo kulia. Shusha. Hapo hapo, usiitikise.

Lilikuwa pembe moja la uwanja, na kibendera cha kona. Akalitizama mpaka mtandao ukakata.