Ua la mama nimelikuta Amani, jiweni

Mama yangu amelilea ua moja la zambarau kwenye kopo, barazani kwetu Tanga, na miaka yote analiita ua la Kizungu. Nikimwambia ni la Milima ya Usambara, hapa hapa mkoani Tanga, anacheka. Nikaapa nitamletea ushahidi.

Safari ya kwanza niliharibiwa na ushauri. Jamaa mmoja wa mjini aliniambia, "Panda msitu wa Amani, huko Usambara, mpaka juu, utayakuta yamejaa njiani, mwongozaji wa nini?" Nikapanda kilima cha Mbomole kutwa nzima, macho chini. Nikafumua majani, nikachungulia kila shina, nikapiga magoti kwenye tope. Siafu wakanipanda hadi mapajani (suruali iingizeni ndani ya soksi, jamani). Ukungu ukashuka, nikarudi Muheza mikono mitupu, nimekasirika hasa.

Mara ya pili nilianzia chini, getini Zigi, nikamlipa mwongozaji. Kiingilio na malipo yake havikunifilisi. Usifanye ubahili hapo. Akaniuliza, "Kaka, kwa nini unatazama udongo? Tazama mawe."

Kumbe ua hili halina haja na udongo mwingi. Linashika kwenye ufa wa mwamba wenye unyevu na kivuli, karibu na kijito. Akanifundisha kupapasa: jiwe likiwa kavu, pita; likiwa baridi na linatoa jasho, simama, subiri macho yazoee giza. Kisha mulika tochi ya simu kwa ubavu, siyo usoni pa jiwe. Majani yake yana vinyweleo, na mwanga wa ubavuni unavifanya ving'ae. Miamba miwili ilikuwa mitupu. Wa tatu nikamulika, nikayaona: majani ya duara yamejibana ukutani, na maua matano. Nilipiga kelele, sioni haya kusema.

Sikuchuma hata jani. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na aliyelichukua zamani alishatosha: Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani wa Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani, na 1893 likapewa jina la ukoo wao, Saintpaulia.

Mama aliitazama picha muda mrefu, akaikuza kwa vidole. "Na pale pana maji?" Nikamwambia yapo, kijito kinapita chini yake. Akainuka, akalitoa kopo juani, akaliweka kivulini kando ya mtungi.