Tangazo si cheti: kusajili kizazi na kifo Tanzania Bara

Mama akiruhusiwa kutoka wodi ya wazazi hupewa karatasi inayoitwa tangazo la kizazi. Familia nyingi huikunja, zikaitia kwenye mfuko mmoja na kadi ya kliniki, zikaamini mtoto ameshasajiliwa. Bado. Tangazo ni taarifa ya kituo kwamba mtoto amezaliwa hapo tarehe fulani. Usajili unakamilika pale taarifa hiyo inapoingia kwenye daftari la msajili na cheti kikatolewa. Kwa kifo ni vivyo hivyo: karatasi ya hospitali na kibali cha mazishi vinakuwezesha kuzika, lakini benki na mahakama zitadai cheti cha kifo.

Kwa Tanzania Bara kazi hii ni ya RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chini ya Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108. Zanzibar ina sheria yake na wakala wake, kwa hiyo aliyezaliwa hospitali ya Mnazi Mmoja ya Unguja asipoteze nauli kwenda RITA. Muda wa kusajili Bara ni siku 90 kwa kizazi na siku 30 kwa kifo. Wa kwanza kuwajibika kutoa taarifa za kizazi ni baba au mama. Kwa kifo ni ndugu wa karibu waliokuwepo au waliomuuguza marehemu.

Mtoto akizaliwa nyumbani, au mtu akifia nyumbani, anzia kwa mtendaji wa kijiji au wa kata. Yeye ndiye anayethibitisha tukio. Kutoka hapo unakwenda kwa msajili wa wilaya, ambaye kwa kawaida utamkuta kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya, au unaomba kwa mtandao kupitia eRITA. Watoto wa chini ya miaka mitano wana njia nyepesi zaidi: mpango ulioanza mkoani Mbeya mwaka 2013 na kuenea mkoa kwa mkoa unawasajili bure, katika vituo vya tiba na ofisi za watendaji wa kata. Ukiwa na mtoto wa umri huo, usingoje aanze shule.

Sasa majina, maana hapa ndipo mambo yanapoharibikia. Tangazo hujazwa wodini, mara nyingi mama akiwa amechoka na baba hayupo. Jina la baba linaandikwa kama lilivyosikika: Mohamed, Muhamed, Mohammed. Kwenye kitambulisho cha taifa cha baba kuna majina matatu, kwenye tangazo yako mawili. Mama anaitwa Mwajuma mtaani, ila vyeti vyake vya shule vinasema Mwanajuma. Kabla hujatoka wodini, toa vitambulisho vya wazazi wote wawili, soma tangazo herufi kwa herufi, na kama kuna kosa mwombe muuguzi alisahihishe papo hapo akilinganisha na kitabu cha MTUHA, yaani rejesta ya taarifa za afya, cha wodi. Ni suala la dakika chache. Kosa likishaingia kwenye cheti utahitaji maombi ya marekebisho, kiapo kwa wakili na ada.

Mahali pa kuzaliwa ni pale mtoto alipozaliwa hasa. Aliyezaliwa hospitali ya Bugando, Mwanza, amezaliwa wilaya ya Nyamagana, hata kama wazazi wanaishi Geita. Kuandika Geita kwa sababu ndiko nyumbani ni kutoa taarifa ya uongo kwa msajili. Kwa wazazi wasiofunga ndoa, jina la baba huingizwa wote wawili wakiridhia. Baba ajitokeze mapema, akiwa hai na ana uwezo wa kutia saini.

Ukichelewa kupita siku 90, mlango haufungwi, ila ada na ushahidi vinaongezeka. Ikipita miaka 10, inahitajika idhini ya Msajili Mkuu, na hapo utaulizwa viambatisho: cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, cheti cha shule, kitambulisho cha taifa, barua ya mtendaji. Maombi mengi hukwama kwa sababu viambatisho vinapingana vyenyewe kwa vyenyewe. Ubatizo unasema 1998, cheti cha shule kinasema 2000. Vipange vyote mezani kwanza, uone tarehe na majina yanakubaliana, ndipo uombe. Na ieleweke: hati ya kubadili jina hubadili jina tu. Tarehe ya kuzaliwa haibadilishwi kwa njia hiyo.

Wahitimu wa kidato cha sita hulijua hili kwa uchungu, kwa kuwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inataka vyeti vilivyohakikiwa na RITA: cha mwombaji, na cha kifo kwa mzazi aliyefariki. Dirisha la mikopo likifunguliwa kila mtu anakimbilia uhakiki. Familia yenye mtoto kidato cha tano ianze wakati huo.

Kifo nacho huachwa mpaka fedha zitakapohitajika. Marehemu anazikwa, matanga yanaanuliwa, kila mtu anarudi mjini. Miezi baadaye inagundulika mahakama ya mwanzo haiwezi kuendelea na mirathi bila cheti, na mfuko wa pensheni hautoi mafao ya warithi. Ndugu mmoja apewe jukumu hili kabla watu hawajatawanyika, na jina la kuandikwa litoke kwenye kitambulisho cha marehemu, si jina la kwenye msalaba au la mtaani. Jina hilohilo ndilo litakalolinganishwa na jina la baba kwenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake. Yakitofautiana, mjane ndiye atakayezungushwa na viapo.

Kifo cha ajali au cha kutiliwa shaka hupita polisi kwanza, na uchunguzi wa mwili ukihitajika ufanyike kabla ya mazishi. Kuzika haraka kwa kukwepa usumbufu huacha sababu ya kifo bila ushahidi, na bima zikiwepo hugoma hapo.

Cheti kikipotea, kumbukumbu iko daftarini na unaweza kuomba nakala. Namba ya ingizo iliyoandikwa kwenye cheti ndiyo inayorahisisha utafutaji, kwa hiyo kipige picha leo, pande zote mbili.