Roho ya Fidla Yangu Ilianguka Njiani

Kabla ya kupanda ndege nililegeza nyuzi zote nne za fidla yangu, nikidhani ninaipumzisha. Kumbe nilikuwa naiharibu. Ndani ya treni ya kutoka Milano kwenda Cremona, nilipoliinua kasha kuliweka juu ya viti, nilisikia kitu kikibingirika tumboni mwa fidla kama punje kavu kwenye kibuyu. Kwa zaidi ya saa moja tulikata tambarare ya mto Po, mashamba yakipita dirishani, nami sikuyaona sawasawa.

Cremona ni mji wa matofali mekundu, na mnara wake, Torrazzo, una urefu wa mita zipatazo 112. Nilikuwa nimepanga kuanzia hapo. Badala yake nikaenda moja kwa moja kutafuta karakana.

Fundi, mama wa makamo mwenye maranda kwenye aproni, aliingiza kioo kidogo kwenye tundu lenye umbo la herufi f, akachungulia, akasema neno moja: "Anima." Kwa Kiitaliano neno hilo maana yake ni roho, na ndivyo wanavyokiita kile kijiti kilichoanguka. Hakigundishwi. Husimama kati ya ubao wa juu na ubao wa mgongo, kikibanwa na mgandamizo wa nyuzi zinazokandamiza daraja, kile kibao kidogo kinachozibeba. Mimi nililegeza zote kwa pamoja, kikakosa cha kukishika.

Alikidunga kwa ncha ya chuma kilichopinda kama herufi S, akakipitisha tunduni, akakisimamisha nyuma kidogo ya mguu wa daraja, upande wa uzi mwembamba. Kisha akaanza kukigongagonga. Kila aliposogeza kidogo sana, alikaza nyuzi, akapiga, akasikiliza, akasogeza tena. Nilistaajabu jinsi sauti ilivyobadilika: mara ya puani, mara kavu, mara ikafunguka.

Mezani palikuwa na fidla nyingine ambayo haijafunikwa ubao wake wa juu. Ubao wa juu hutoka kwenye msprusi, mti wa jamii ya misonobari unaokua polepole kwenye baridi ya milimani, ndiyo maana mistari yake hubanana. Mgongo ni wa mti uitwao maple kwa Kiingereza, mgumu zaidi. Mbavu, nyembamba kama milimita moja, hupindwa kwenye chuma cha moto. Gundi ni ya ngozi za wanyama, nayo huachia ikipata joto na unyevu, ili fundi mwingine, hata baada ya miaka 200, aweze kuifungua bila kuivunja. Jambo hilo lilinigusa kuliko yote niliyoyaona siku ile.

Jioni niliingia Museo del Violino, jumba la makumbusho ya fidla lililofunguliwa mwaka 2013. Ala za upinde zilikuwepo Italia kabla ya Andrea Amati, lakini ni yeye, katika karne ya 16 mjini hapa, aliyeipa fidla umbo ambalo mafundi wanalifuata hadi leo. Kuna fidla yake iliyotengenezwa kwa ajili ya Charles IX, mfalme wa Ufaransa. Kuna pia ya Antonio Stradivari, fundi mwingine mashuhuri wa mji huu, ya mwaka 1715, iitwayo Il Cremonese, pamoja na kalibu za mbao alizotumia. Mbele ya kalibu hizo nilikaa muda mrefu kuliko mbele ya fidla zenyewe. Zina alama za mkono uliokuwa kazini.

Kesho yake nilirudi karakanani kujaribu. Nilianza kwa mazoea, nikibonyeza upinde kwa nguvu. Mama akanishika kiwiko. "Acha uzito wa mkono ushuke wenyewe. Ukikaribia daraja, vuta polepole. Ukisogea mbali nalo, vuta haraka na kwa wepesi." Nikalegeza bega, singa zikaushika uzi mnene wa soli, nikavuta kutoka mwanzo wa upinde hadi ncha. Mgongo wa fidla ulitetemeka hadi kwenye mfupa wa bega langu. Mama alikuwa amesharudi kwenye randa yake.